Picha za meno na kupona kwa mfupa wa taya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga watu wa aina mbili: mgonjwa aliyeambiwa "rudi na picha" bila kuelezwa picha hiyo inatafuta nini, na tabibu wa meno au mpiga picha anayetaka picha ya leo ilingane na ile ya miezi mitatu iliyopita. Baadhi ya majibu ni ya kifundi kidogo. Mgonjwa anaweza kuyaruka bila hasara.

Mfupa unapopona, picha ya eksirei inaonyesha nini hasa?

Inaonyesha madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Haionyeshi damu iliyoganda, nyama changa, mishipa mipya, wala mfupa mchanga ambao bado haujaingiwa na madini. Kazi hiyo yote hufanyika huku picha ikiendelea kuonyesha weusi. Ndiyo maana picha huwa nyuma ya mfupa siku zote: mfupa hutangulia kupona, picha hukubali baadaye.

Uharibifu nao huchelewa kuonekana. Kwa kawaida eneo la mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla jicho halijaona weusi kwenye picha ya kawaida. Uharibifu ukiwa umebaki ndani, kwenye mfupa wenye vitundu kama sifongo, bila kugusa ganda gumu la nje, unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo mgonjwa mwenye maumivu na usaha asirudishwe nyumbani kwa sababu tu picha ni safi.

Jambo la pili: picha ya kawaida ni kivuli. Ukuta wa mfupa upande wa shavu na ule wa upande wa ulimi hulaliana kwenye picha moja, na mmoja unaweza kuficha shimo lililo kwenye mwenzake.

Niling'olewa jino wiki tatu zilizopita. Picha inaonyesha shimo jeusi palepale. Kuna tatizo?

Kama huna maumivu, hakuna usaha na fizi imeanza kufunga, hakuna tatizo. Hivyo ndivyo tundu la wiki tatu linavyotakiwa kuonekana.

Siku ya kwanza tundu hujaa damu iliyoganda. Ndani ya wiki moja hivi damu hiyo huanza kubadilishwa na nyama changa. Kuanzia wiki ya pili mfupa mchanga huanza kuota, ukitokea chini na kwenye kuta, si juu. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane sehemu kubwa ya tundu huwa imejaa mfupa mchanga, lakini huo ni mfupa uliosukwa ovyo na wenye madini machache, hivyo kwenye picha bado ni wa kijivu hafifu. Weusi huanza kupotea wazi kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Tazama pia mstari mwembamba mweupe unaozunguka tundu. Huo ndio ukuta mgumu uliokuwa umeshikilia mzizi. Tundu linapopona vizuri, mstari huo hufifia polepole na kuchanganyika na mfupa wa jirani; kwa wengi huwa umepotea kufikia mwezi wa nne hadi wa sita. Ukiukuta bado umekoza, mweupe na kamili, miezi mingi baada ya jino kutoka, mfupa wa hapo haujijengi upya kama inavyotakiwa. Uliza kuhusu dawa anazotumia mgonjwa. Tutalirudia jambo hilo mbele.

Ni siku ya tatu tangu jino litolewe na tundu linauma vibaya hadi sikioni. Nipige picha?

Maumivu makali yanayoanza kati ya siku ya pili na ya nne, tundu likiwa tupu na lenye harufu, mara nyingi ni tundu kavu: damu iliyoganda imetoka au imeyeyuka na mfupa umebaki wazi. Hilo hutambuliwa kwa macho na kwa historia. Picha haionyeshi tundu kavu hata kidogo.

Picha ndogo ya jino hupigwa hapo kwa sababu nyingine: kutafuta kipande cha mzizi kilichobaki, kipande cha mfupa kilichovunjika, au mvunjiko wa taya ambao haukugunduliwa, hasa kama ni jino la mwisho la chini na lilitolewa kwa nguvu nyingi.

Daktari anasema pengo langu limepona lakini mfupa umepungua. Inawezekanaje?

Kupona na kubaki na umbo la zamani ni mambo mawili tofauti. Jino likitoka, ukuta mwembamba wa upande wa shavu au mdomo hukosa kazi na huliwa na mwili wenyewe. Kwa wastani ukingo wa taya hupoteza karibu nusu ya upana wake katika mwaka wa kwanza, na takriban theluthi mbili ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Kimo hupungua pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Sasa kumbuka suala la kivuli. Picha ndogo na OPG (picha moja pana ya taya zima) huonyesha kimo tu; upana hazionyeshi. Mfupa unaweza kuonekana una kimo cha milimita 14, kumbe ukiutazama kwa juu ni mwembamba kama ukucha. Anayepanga kipandikizi cha jino anahitaji zaidi ya OPG: aupapase ukingo kwa vidole, na pale penye shaka apige CBCT (eksirei inayozunguka kichwa na kutoa picha ya pande tatu).

Taya lililovunjika linahitaji picha zipi?

Angalau mbili zilizopigwa kutoka pande tofauti, zikikaribia pembe mraba. Waliofika na taya lililovunjika baada ya ajali ya bodaboda au kupigwa mara nyingi hupewa OPG peke yake. OPG inaonyesha taya lote la chini kwa mara moja, lakini ina sehemu mbili inazozificha.

Ya kwanza ni kidevu. Kivuli cha uti wa shingo huangukia katikati ya picha, na mgonjwa akiinamisha shingo kivuli hicho huwa pembe nyeupe inayofunika mpasuko wote. Dawa yake ni picha ya kung'ata, filamu ikiwekwa mdomoni bapa na mionzi ikitokea chini ya kidevu. Ya pili ni kichwa cha taya, pale karibu na sikio. Kikivunjika, msuli hukivutia ndani, na OPG inayotazama kwa ubavu inaweza kuonyesha kitu kilicho karibu sawa. Hapo hutakiwa picha ya uso kwa mbele, mdomo ukiwa wazi, kwa pembe inayoonyesha shingo za taya pande zote mbili.

Kituo kisicho na OPG kinaweza kupiga picha za taya za kulalia upande, kushoto na kulia, pamoja na moja ya kutoka nyuma kwenda mbele. Hizo zinatosha kwa mivunjiko mingi. Inapatikana CT-Scan? Basi ndiyo bora kwa uso uliovunjika sehemu nyingi, ingawa dozi yake ya mionzi ni kubwa.

Kosa linalorudiwa sana ni kuhesabu mvunjiko mmoja kuwa miwili. Ufa uliokata kwa mshazari hupita ukuta wa nje sehemu moja na ukuta wa ndani sehemu nyingine, hivyo picha huonyesha mistari miwili. Ikiwa mistari hiyo inakutana ukingoni juu na chini, ni ufa mmoja.

Wiki sita zimepita, waya zilizofunga taya zimetolewa, lakini mstari wa mvunjiko bado unaonekana. Taya limeunga au halijaunga?

Hili ndilo swali linaloleta hofu nyingi zisizo na sababu. Taya la chini la mtu mzima huunga vya kutosha kulegezwa waya kati ya wiki ya nne na ya sita; kwa mtoto mdogo wiki mbili hadi tatu mara nyingi zinatosha. Lakini mstari mweusi kwenye picha unaweza kubaki miezi mitatu, sita, wakati mwingine hata zaidi. Katika kipindi hicho taya huwa limeunga na picha haijapata habari.

Kwa hiyo wiki ya sita uamuzi unatoka kwenye vidole. Shika taya pande mbili za mvunjiko, mkono mmoja huku na mwingine kule, vidole gumba vikiwa juu ya meno na vingine chini ya ukingo, kisha sukuma taratibu kwa kupishanisha. Vipande vikicheza, halijaunga. Visipocheza, pasipouma, na meno yakikutana kama zamani, limeunga hata kama picha ina mstari. Usisahau kuuliza kama mdomo wa chini bado una ganzi: huo ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, nao hupona kwa kasi yake wenyewe.

Taya lililofungwa kwa vibati vya titani na skrubu huponea tofauti kidogo. Vipande vikibanwa sawasawa, mfupa huunga moja kwa moja bila kutengeneza uvimbe wa mfupa mpya kandokando. Msitafute uvimbe huo; tazameni mstari ukififia tu.

Ratiba ya picha? Moja siku chache baada ya kufunga, ili kuhakikisha vipande vimekaa na kubaki na msingi wa kulinganisha. Baada ya hapo, mgonjwa asiye na dalili hahitaji picha kila anaporudi. Mara chache sana picha hizo hubadili matibabu.

Basi picha ikoje pale taya linapokataa kuunga?

Linganisha na picha ya kwanza. Ncha za vipande zilizokuwa kali kama kioo kilichovunjika zimekuwa za mviringo. Kingo zimekuwa nyeupe sana, kama zimejifungia kila moja kivyake. Pengo limepanuka badala ya kupungua. Skrubu zimezungukwa na ukanda mweusi, au kibati kimekatika. Ukiona mawili kati ya haya baada ya miezi mitatu, na vidole vikithibitisha kuwa panacheza, mrudishe kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya.

Pengo kupanuka kidogo katika wiki za mwanzo si ubaya. Mwili huondoa kwanza kingo zilizokufa ndipo ujenge. Anayepiga picha wiki ya pili na kushtuka amepiga mapema mno.

Sababu za kutounga, kwa mpangilio wa kuzichunguza: kutotulia (waya zimelegea, mgonjwa amezikata ili ale), maambukizi, jino bovu lililoachwa kwenye ufa, kisha hali ya mwili, yaani sigara, kisukari kisichodhibitiwa, lishe duni, kinga iliyoshuka. Hakuna picha itakayokuambia kuwa mgonjwa alikuwa anafungua waya usiku.

OPG, picha ndogo au CBCT: ipi inafaa kufuatilia?

Inategemea unachopima. Kwa tundu moja, jino moja au kipandikizi kimoja, picha ndogo ya mdomoni ndiyo yenye undani mkubwa zaidi kwa dozi ndogo kabisa. OPG ni ya kuona taya zima, na isitumike kupima milimita: hukuza vitu kwa takriban asilimia 20 hadi 30, tena ukuzaji hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu na mgonjwa akisimama vingine. Akisogea mbele, meno ya mbele huwa membamba. Akirudi nyuma, hunenepa. Asipobandika ulimi kwenye kaakaa, ukanda mweusi wa hewa hupita juu ya mizizi ya meno ya juu na kufanana na mfupa ulioliwa. Na hereni zivuliwe.

CBCT ni ya maswali ambayo kivuli hakiwezi kujibu: upana, ukuta wa upande wa ulimi, umbali hadi mfereji wa mshipa wa fahamu. Chagua eneo dogo, mfano sentimita 5 kwa 5, badala ya kichwa kizima. Mgonjwa atulie kabisa kwa sekunde 10 hadi 20 za mzunguko. Akimeza mate katikati, kingo hutoka mbili mbili.

Tahadhari moja kubwa: titani na vijazio vya chuma hutoa mistari na weusi wa uongo kandokando yao. Weusi mwembamba unaoizunguka skrubu kwenye CBCT si lazima uwe skrubu iliyolegea. Ukiwa na shaka, piga picha ndogo ya mdomoni ya eneo hilo.

Programu ya CBCT inanipa namba za weupe. Naweza kuzitumia kupima ugumu wa mfupa?

Hapana. Namba za CT-Scan ya hospitali zimesawazishwa kwa kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0 na hewa ni -1,000. Namba za CBCT hubadilika kwa mashine, kwa ukubwa wa eneo lililopigwa na kwa mahali mfupa ulipo ndani ya eneo hilo. Namba ya 600 leo na 750 baada ya miezi sita huenda zimetofautishwa na kichwa kilichokaa vingine.

Nifanyeje ili picha ya mwezi wa tatu ilingane na ya siku ya kwanza?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Picha moja haisemi kama mfupa unapona. Kinachosema ni tofauti kati ya picha mbili, na tofauti hiyo iwe ya mfupa, si ya pembe wala ya mashine.

Tumia kishikizo cha filamu au sensa chenye mkono na pete ya kuelekezea, filamu ikae sambamba na urefu wa jino, na mionzi igonge vyote viwili kwa pembe mraba. Kushikilia filamu kwa kidole cha mgonjwa hakufai kwa ufuatiliaji: badiliko dogo la pembe hupandisha au kushusha ukingo wa mfupa kwenye picha kwa milimita nzima au zaidi.

Weka silikoni ya kuchukulia alama za meno juu ya sehemu ya kung'atia ya kishikizo, mgonjwa ang'ate hadi igande. Toa kishikizo, andika jina na tarehe kwenye silikoni, ioshe kwa dawa ya kuua vijidudu, ihifadhi kwenye mfuko mkavu. Akirudi, ang'ate ileile na ataingia palepale. Meno yakiwa yameongezwa au kung'olewa, silikoni haitakaa tena; chukua mpya na uandike hivyo kwenye faili.

Andika kilovolti, miliampea na sekunde. Kama ya kwanza ilikuwa kilovolti 65 kwa sekunde 0.16, ya pili iwe hivyohivyo. Mashine ikibadilishwa, iandikwe. Vituo makini zaidi hubandika kipande kidogo cha aluminiamu chenye ngazi pembeni mwa filamu: ngazi zikitoka na weupe uleule kwenye picha zote mbili, weupe wa mfupa unalinganishika.

Kabla ya kusema chochote kuhusu mfupa, linganisha kitu kisichobadilika. Je, mzizi wa jino la jirani una urefu uleule kwenye picha zote mbili? Kijazio kina umbo lilelile? Kama hapana, rudia picha au usihitimishe.

Bado tunaosha filamu kwa mkono. Kuna la kuangalia?

Lipo, na ni joto. Dawa ya kwanza, developa, hutaka dakika 5 ikiwa nyuzi 20 za Selsiasi, dakika 4 kwenye 22, dakika 3 kwenye 24 na nusu, na dakika 2 na nusu kwenye karibu 27. Chumba cha giza kisicho na kipoza hewa Dar es Salaam au Mombasa kinaweza kupita hapo mchana. Filamu iliyoachwa dakika tano kwenye dawa ya moto hutoka nyeusi kupita kiasi, na ukingo mwembamba wa mfupa hupotea. Mgonjwa huambiwa mfupa unaliwa, kumbe kilichopita kiasi ni developa. Dawa iliyochoka hufanya kinyume chake: filamu hutoka ya kijivu na isiyo na mkazo, na tundu huonekana limejaa kabla ya wakati.

Weka kipimajoto ndani ya tangi, osha asubuhi inapowezekana, na usikisie kwa kutazama chini ya taa nyekundu. Fiksa, dawa ya pili, ipewe dakika 10 kwa filamu itakayohifadhiwa, kisha maji yanayotiririka dakika 20. Filamu iliyosafishwa kwa haraka hugeuka kahawia baada ya miezi, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yako ya msingi.

Naweza kumtumia daktari picha kwa WhatsApp?

Kwa kupanga miadi, ndiyo. Kwa kuamua kama mfupa umepona, hapana. Filamu iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha hupoteza ngazi za kijivu, na programu huibana zaidi wakati wa kutuma. Omba faili halisi la DICOM, yaani muundo wa picha za kitabibu kama ulivyotoka kwenye mashine, kwenye diski au fleshi. Kama ni JPEG, itume kama hati badala ya picha. Filamu za karatasi au plastiki zitunze bapa, mbali na jua na joto, na uende nazo zote. Daktari akikuomba ya zamani ni kwa sababu bila hiyo ya leo haina maana kubwa.

Baada ya tiba ya mzizi, weusi kwenye ncha ya jino utaisha lini?

Piga picha ya ufuatiliaji baada ya mwaka mmoja, si mwezi mmoja. Weusi ukiwa umepungua bila kuisha, endelea kufuatilia hadi miaka 4 kabla ya kusema umeshindikana, mradi hakuna dalili. Madaktari wengi hutumia kipimo cha PAI cha mwaka 1986 chenye madaraja 5, ambapo 1 ni mfupa wa kawaida na 5 ni uharibifu mkubwa. Kuna weusi mdogo usioisha kabisa kwa sababu pameziba kwa kovu badala ya mfupa; huo hauumi na haukui.

Na kipandikizi cha jino?

Kipandikizi chenyewe ni rula. Urefu wake halisi umeandikwa kwenye kadi yako: kama ni milimita 10 na kwenye picha ni 12, kila kipimo cha picha kigawe kwa 1.2. Mfupa uliopungua milimita 2.4 kwenye picha, kwa kweli ni milimita 2. Nyuzi za skrubu zionekane kali pande zote mbili. Zikiwa na ukungu upande mmoja, pembe haikuwa sawa na kipimo hakifai.

Picha ya msingi ni ile ya siku jino bandia linapofungwa. Kigezo kilichozoeleka tangu miaka ya 1980 ni kwamba baada ya mwaka wa kwanza upungufu usizidi milimita 0.2 kwa mwaka. Hakuna picha yenye usahihi wa milimita 0.2, hivyo kinachosomwa ni mwelekeo wa miaka kadhaa. Ukanda mweusi uliokizunguka kipandikizi chote, chini hadi juu, una maana nzito: mfupa haujakishika.

Niliwekewa unga wa mfupa kwenye tundu. Picha ni nyeupe kabisa. Nimepona?

Weupe huo huenda ni unga wenyewe. Chembe za mfupa wa ng'ombe zina madini tangu siku ya kwanza na hubaki miaka mingi. Siku ya upasuaji picha tayari ni nyeupe. Cha kutafuta ni mipaka ya chembe kufifia na vinyuzi vya mfupa kuonekana vikipita kati yake. Hilo huchukua miezi minne hadi sita au zaidi. Chembe zilizobaki zimetengana, na weusi kati yake na ukuta wa tundu, zimezungukwa na nyama tu.

Kuna usaha unatoka taya miezi sasa. Picha itaonyesha nini?

Maambukizi ya mfupa huchukua siku 10 hadi 14, pengine wiki tatu, kabla ya kuonekana. Kisha mfupa hutokea na madoa meusi kama nguo iliyoliwa na nondo. Baadaye huonekana kipande cheupe kilichozungukwa na weusi: ni mfupa uliokufa. Ni mweupe kwa sababu hakifikiwi na damu ya kukiondolea madini, huku jirani zake hai wakipoteza yao. Mpasuaji mara nyingi husubiri kipande hicho kijitenge vizuri kwenye picha ndipo akitoe.

Mwambie daktari kama una selimundu, kisukari au VVU, kama taya liliwahi kupigwa mionzi ya saratani, na kama unatumia au uliwahi kutumia zoledronati, alendronati au denosumabu. Dawa hizi za mifupa hupunguza uwezo wa taya kujijenga. Mfupa uliobaki wazi mdomoni zaidi ya wiki 8 kwa mtu aliyetumia dawa hizo, bila historia ya mionzi ya taya, una jina lake na matibabu yake, na kung'oa meno zaidi huzidisha tatizo.

Uvimbe wa taya ulitolewa. Nifuatiliwe hadi lini?

Kwa ameloblastoma, angalau miaka 10. Si saratani ya kusambaa, lakini hujirudia ukingoni mwa mfupa uliobaki, na mwingine hurudi baada ya mgonjwa kusahau. Kwenye picha mfupa mpya hujaza kuanzia kingoni kuelekea katikati. Weusi mpya wa mviringo ndani ya eneo lililokwisha kujaa ndio wa kuogopa.

Kwa watoto wa ukanda wetu kuna lymfoma ya Burkitt, saratani iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeieleza mwaka 1958. Dalili ya mapema kwenye picha ni kupotea kwa ile mistari myeupe inayozunguka mizizi, meno yakilegea bila kuoza. Dawa zikifanya kazi, mistari hiyo huweza kurudi. Kwa mtoto kama huyo usikimbilie kung'oa meno yaliyolegea.

Mionzi ya picha hizi ni mingi kiasi gani?

Picha ndogo ni mikrosiverti chache, kwa kawaida chini ya 10. OPG ni kati ya 3 na 24 hivi. CBCT inaanzia karibu 10 kwa eneo dogo hadi kufikia 1,000 kwa kichwa kizima, kutegemea mashine na mpangilio. Mazingira yenyewe, ardhi na anga, humpa mtu wa kawaida duniani wastani wa 2,400 kwa mwaka, yaani kama 6 au 7 kwa siku.

Kwa hiyo usikatae picha ndogo yenye sababu, na usikubali CBCT ya kila mwezi isiyo na swali. Kwa mtoto, uliza mara mbili, na mpangilio wa mashine uwe wa mtoto.

Nina mimba. Nisubiri?

Mionzi ya picha ya meno haielekezwi tumboni, na kinachofika huko ni kidogo mno. Picha inayohitajika kwa usaha au mvunjiko ipigwe. Ile ya ufuatiliaji wa kawaida inaweza kungoja ujifungue. Mfupa uliokwishapona hautageuka kwa kusubiriwa.

Mbona kituo kimoja kilinivalisha aproni ya risasi na kingine hakikunivalisha?

Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kuacha aproni na kola za shingo kwa picha za meno, kwa kuwa mashine za sasa huelekeza mionzi vizuri na kola yenyewe huweza kuziba sehemu ya picha na kulazimisha irudiwe. Nchi nyingine bado zinazitaka. Kinachofuatwa ni kanuni za mamlaka ya nchi uliyopo, mfano TAEC kwa Tanzania na KNRA kwa Kenya. Kwenye OPG, kola ya shingo ivuliwe kwa vyovyote: hufunika kidevu chote.